Nipe Mji

Haya yalitokea mwaka 2024, katika majira ya kipupwe, wakati ambapo asubuhi za Kibaha huwa na ubaridi wa kumfanya mtu mzima atafute sweta na mtoto ajifanye hasikii anapoitwa kuoga.

Bibi Flaviana, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, alikuwa ameketi barazani kwake Mkuza akichambua choroko. Alikuwa amesimama mbele ya ubao kwa miaka thelathini na sita, na amestaafu kwa miaka kumi na mmoja, na katika muda huo wote hakuna sentensi mbovu iliyopita mbele yake ikatoka salama. Majirani walinyoosha maneno yao kabla ya kumwamkia, kama watu wanavyonyoosha mashati wakikaribia kanisa. Daftari za wanafunzi wake zilijulikana kwa maneno mawili ya wino mwekundu: Tazama tena. Aliyeandika vibaya aliandikiwa hivyo, na aliyeandika vizuri aliandikiwa hivyo hivyo, kwa sababu Bibi Flaviana aliamini kwa moyo wote kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mezani, hatua tatu kutoka kwake, mjukuu wake Vailet alikuwa ameinamia barua. Vailet alikuwa mtoto wa Didas, mwana wa pekee wa Bibi. Alikuwa na umri wa miaka ishirini, amemaliza kidato cha sita, na anangoja kujiunga na chuo. Kwa mwaka mzima alikuwa akitunga mchezo. Haukuwa mchezo wa simu. Ulichezwa kwa karatasi, dadu na maneno: kila mchezaji alijitungia mhusika, akamvaa, akasafiri naye katika ramani ya miji kumi na miwili ya mkoa wa Pwani iliyochorwa nyuma ya kalenda kuukuu. Msimulizi, ambaye ndiye Vailet, aliwaeleza wanachokutana nacho njiani, nao wakasema watafanya nini. Mchezaji alianza na miji yake, na aliyemaliza na miji mingi kuliko wenzake ndiye mshindi. Kila mhusika alipewa alama ishirini azigawe mwenyewe kwenye sifa tano: Nguvu, Wepesi, Uvumilivu, Ujanja na Ulimi.

Barua ilitoka Kisarawe, kwa Mwalimu Zahoro, mlezi wa klabu za michezo za shule sita. Vailet aliisoma kwa sauti bila kuulizwa.

"'Mchezo wako ni mzuri. Lakini sifa ya tano ni hereni: inapendeza sikioni, haina kazi. Hakuna mwanafunzi wangu aliyeupa Ulimi hata alama moja. Ipe kazi sifa hiyo, au iondoe. Nitawapokea Jumamosi ya tarehe 20 Julai. Mchezo ukisimama nitaupeleka shule zote sita. Usiposimama, nitachagua mwingine.'"

"Amepanga maneno yake vizuri," alisema Bibi. "Basi iondoe."

"Siiondoi, Bibi."

"Kwa nini?"

"Mchezo uliotungwa katika nyumba hii hauwezi kukosa Ulimi."

Bibi Flaviana aliitazama choroko moja iliyotobolewa na mdudu, akaitupa nje ya ungo. Tangu saa ile barua ile ilikuwa yake pia.

Mchana wenzake wawili wa Vailet walikuja kucheza. Ashrafu alikuwa fundi wa simu mwenye kibanda pale Kwa Mathias, kijana mwenye maneno mengi kuliko vipuri. Raudha alikuwa binti mpole wa ukoo wa Kisarawe, aliyehamia Mkuza kwa shangazi yake. Akicheka hufunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Miguu hiyo ifutwe."

Mhusika wa Ashrafu alikuwa bondia. Nguvu alikuwa amempa kumi, Uvumilivu kumi, na kwingine kote sifuri.

"Huyu bondia hana ulimi kabisa?" aliuliza Vailet.

"Anao wa kuonjea mchuzi. Unamtosha."

Raudha, kwa kumwonea huruma mtunzi, alikuwa ameupa Ulimi alama nane. Mhusika wake alifika kwenye geti la Mlandizi, akamwomba mlinzi amfungulie. Vailet akarusha dadu, akajumlisha nane, akasema, "Mlinzi amekubali." Basi. Ashrafu alifika kwenye geti lile lile, akalivunja, na ikachukua robo saa ya kelele, vumbi na vicheko. Kila mtu aliona tofauti. Anayevunja geti ana hadithi ya kusimulia. Anayeomba afunguliwe hana.

"Gari hii niliyoiteka naiegesha hapa," aliendelea Ashrafu.

"Gari hili," ilisema sauti kutoka kwenye ungo.

"Gari hili, Bibi. Na geti yenyewe imeshalala chini."

"Geti lenyewe limeshalala chini."

Hapo ndipo Bibi Flaviana alipopata wazo, na kwa kuwa lilikuwa lake aliliona zuri. Aliweka ungo chini, akasogeza kiti. Kazi ya Ulimi, alisema, ni wazi kama jua la saa sita. Mchezaji aseme kwa sentensi kamili. Kila sentensi iliyo sahihi impe alama ya Ulimi. Kila yenye kosa imnyang'anye mbili. Yeye mwenyewe angekuwa mwamuzi.

Walicheza hivyo kwa nusu saa. Katika dakika kumi za kwanza Ashrafu alipoteza alama kumi na nne, na Ulimi wake ukawa chini ya sifuri, jambo ambalo mchezo haukuwa na jina lake. Katika kumi zilizofuata alizungumza kwa maneno mawili mawili. "Naenda Soga." "Napiga mtu." Raudha, ambaye sentensi zake zilikuwa safi kuliko za wote, aliogopa kuzichafua, akaanza kuonyesha kwa kidole mahali anapotaka kwenda. Mwishoni baraza lilikuwa kimya kiasi cha kusikia kuku akiparua nyuma ya jiko.

"Bibi, samahani," alisema Ashrafu, "hapa tunacheza au tumekaa mtihani wa taifa? Maana naona nimesahau namba yangu ya mtahiniwa."

Raudha akafunika mdomo. Vailet hakucheka. Alikuwa akikusanya dadu.

"Sifa inayowanyamazisha watu," alisema bila kuinua macho, "haiwezi kuitwa Ulimi."

Bibi Flaviana alifungua kinywa kuisahihisha sentensi hiyo, akakuta haina kosa. Akarudi kwenye ungo wake.

Siku ya pili ilikuwa Jumapili. Baada ya misa walikula mchana wawili, wali na zile choroko, na Vailet hakuzungumza. Bibi hakuwa mtu wa kuomba radhi; hakujua hata jinsi kunavyoanza. Alichojua ni kile alichokuwa akimfanyia Vailet alipokuwa mdogo na amenuna.

"Kitendawili," alisema.

Vailet alimtazama kwa mshangao. Miaka ilikuwa imepita.

"Tega."

"Nimemtuma mjumbe, jibu limefika kabla yake."

Vailet alifikiri, akatafuna, akafikiri tena. "Simu?"

"Si simu."

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa Mla—"

Kijiko kilisimama hewani. Wali ulianguka juu ya meza, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hakuna aliyeuokota. Vailet aliinuka, akaingia ndani, akarudi na ile kalenda, akaitandaza juu ya vyombo.

"Mji, Bibi," alisema. "Tangu enzi za mababu anayeshindwa kitendawili anatoa mji. Na mimi miji ninayo kumi na miwili imelala hapa, watu wanaipigania kwa ngumi."

Bibi Flaviana aliitazama ramani. Alikuwa amedai miji maelfu maishani mwake, darasani na nyumbani, amepewa Mombasa, Tabora na hata Makka, na hakuwahi kujiuliza miji ile ilikwenda wapi.

Waliandika mpaka alasiri, na jibu la kile kitendawili, nazi inayomtangulia mkwezi chini, likasahaulika. Ulimi wa mhusika ungekuwa ndio hesabu ya vitendawili anavyoruhusiwa kutega katika mchezo mmoja, na pia hesabu ya maswali ya ndiyo au hapana anayoruhusiwa kuuliza anapotegewa. Asiye na Ulimi hategi wala haulizi. Anakisia mara moja tu, kisha anatoa mji. Anayepewa ana haki ya kuukataa mji mdogo, kama desturi ilivyo. Mwenye Nguvu anaweza kuteka mji kwa mabavu, lakini atatoka na majeraha. Mwenye Ulimi anautwaa ameketi.

"Kuna jambo limekosekana," alisema Bibi.

Vailet aliweka kalamu chini taratibu, kama anayengoja sindano.

"Kitendawili lazima kipatane na jibu lake. Ukisema ki-, jibu liwe la ki-. Ukisema u-, liwe la u-. Upatanisho ndio unyayo wa mnyama. Mwindaji akidanganywa unyayo, huo si uwindaji, ni wizi."

Vailet aliiandika kanuni hiyo juu kabisa ya ukurasa. Bibi aliona ilipoandikwa. "'Upatanisho' hauandikwi kwa herufi kubwa katikati ya sentensi," alisema, akaenda kuosha vyombo.

Jumatano Ashrafu na Raudha waliijaribu kazi hiyo mpya ya Ulimi. Ashrafu alipokonywa Mzenga, Msanga na Maneromango kabla chai haijapoa, na bondia wake akabaki na misuli bila makazi. Akaifuta karatasi, akampa Ulimi alama saba, akatega:

"Kina mdomo, hakisemi."

"Chungu," alisema Raudha.

"Chupa. Nipe mji."

"Chupa ina mdomo, haisemi," alisema Bibi. "Wewe umesema kina. Umemwekea mwenzako unyayo wa mbuzi, ukamficha kuku."

"Basi jibu ni chungu, Bibi."

"Basi Raudha amepata."

Ashrafu alishika kichwa. Lakini Alhamisi, mteja mmoja aliyekwenda Kwa Mathias kubadilishiwa kioo cha simu alirudi akisimulia kwamba yule fundi anamwuliza kila mtu neno "mlango" na neno "ufunguo" ni ya ngeli gani, na kwamba haonekani mgonjwa.

Jumamosi wote wanne walipita njia ya Kiluvya, wakafika Kisarawe saa nne. Kulikuwa na baridi ya milimani na harufu ya mafenesi. Mwalimu Zahoro aliwapokea katika ukumbi mdogo wenye viti vya plastiki, mtu mrefu wa miaka hamsini na kitu, kofia ya kufuma kichwani, mwenye kusikiliza huku ameinamisha shingo.

"Shikamoo, Mwalimu," alimwambia Bibi Flaviana kabla ya wote.

"Marahaba, mwanangu."

"Huwezi kuja Kisarawe ukakaa pembeni kama mgeni wa arusi. Chukua karatasi ucheze."

Bibi aliichukua. Ulimi aliupa kumi, kiwango cha juu kabisa. Zilizobaki alizisambaza bila kutazama. Alipewa Kibaha, Mlandizi na Soga. Mwalimu Zahoro, kwa makusudi, alimpa mhusika wake Nguvu kumi na Wepesi kumi. Ulimi, sifuri.

"Tuone," alisema.

Raudha ndiye aliyemfikia kwanza. Alisimama wima, akatega kwa sauti iliyotulia: "Kuku wangu ametagia miibani."

"Nanasi," alisema Mwalimu Zahoro, akiwa bado anafungua kalamu.

Ashrafu akafuata. "Nyumba yangu haina mlango."

"Yai."

"Nyumba yangu ina nguzo m—"

"Uyoga. Mwanangu, umekuja kuniuzia mananasi Kisarawe?"

Ashrafu alitega cha tatu na cha nne, na vyote vilidakwa kabla ya kugusa chini. Mwalimu Zahoro aliweka kalamu mezani.

"Nimependa kanuni hii. Lakini tazameni. Mimi sina Ulimi hata kidogo, na sijatoa hata kijiji. Vitendawili hivi kila mtoto hapa amevinyonya. Muhula wa kwanza watashangaa, wa pili watakuwa wamevikariri vyote, na sifa ya tano itarudi kuwa hereni."

Vailet alisimama. Bibi Flaviana aliona jinsi vidole vyake vilivyokuwa vikikunja ukingo wa ramani.

"Kanuni haisemi kitendawili kiwe cha zamani, Mwalimu."

"Haisemi. Lakini vipya vitatoka wapi?"

"Vitatungwa hapo hapo, mezani."

"Basi tunga. Usinitegee mimi, ningeweza kukuhurumia. Mtegee huyu." Alimwonyesha Bibi Flaviana kwa mkono wazi, kwa adabu. "Ana Ulimi kumi, na yeye ndiye aliyekufundisha yote unayoyajua. Akikijua, mchezo nitaurudisha. Kikimshinda, shule zote sita ni zako."

Hakukuwa na haja ya kuzitazama nyuso za wengine. Bibi alijua wanachokifikiri: bibi na mjukuu, atamwachia. Walikuwa hawamjui. Kumwachia mtoto ashinde ni kumpa sarafu bandia akaitumie mbele za watu, na yeye hakuwa ametengeneza sarafu bandia hata moja tangu azaliwe. Angejibu kwa akili yake yote. Kama Vailet angeanguka, angeanguka kwa haki, na wangerudi Mkuza pamoja.

"Katika njia ya Kibaha," alianza Vailet kwa sauti ya msimulizi, "msafiri wako anakutana na mwuza chumvi. Amechoka, hana silaha. Anakwambia: kitendawili."

"Tega," alisema Bibi.

"Tano najigawia mwenyewe, ya sita mpaka nipewe."

Bibi Flaviana alifumba macho, akaanza kusoma nyayo. Tano, si vitano wala matano. Ya sita, si cha sita wala la sita. Basi jibu ni la ngeli ya nyumba na njia. Alikuwa ameshafyeka nusu ya lugha.

"Sala," alinong'ona Ashrafu.

"Sala mtu hujigawia hata ya kumi," alisema Bibi bila kufumbua macho. "Nyamaza. Swali la kwanza: inashikika?"

"Hapana."

"Inanunulika?"

"Hapana. Wapo waliojaribu."

"Jibu ndiyo au hapana. Imo humu ukumbini?"

"Zile tano, ndiyo."

"Na ya sita?"

Vailet alichelewa kidogo. "Hapana. Bado."

Baraka, aliwaza Bibi, lakini nani hujigawia baraka tano? Ruhusa? Nafasi? Alizipitisha moja moja, akazirudisha. "Ya sita hupewa wakubwa tu?"

"Hapana."

"Anayetoa hupungukiwa?"

"Hapana. Wapo wanaodhani hupungukiwa."

Safari hii Bibi hakumsahihisha. Alifumbua macho. "Yupo humu anayeweza kuitoa?"

"Ndiyo."

"Ni Mwalimu Zahoro?"

"Angeweza. Lakini siyo ninayoingoja."

Yalibaki mawili. Aliuliza kama hutamkwa kwa mdomo, akajibiwa ndiyo. Aliuliza la kumi kwa sauti ndogo kuliko alivyokusudia: "Ninayo mimi?"

"Ndiyo, Bibi."

Kilitokea kitu ambacho hakikuwahi kumtokea mbele ya watu: maneno yote yalimkimbia kwa pamoja, kama wanafunzi kengele inapolia. Alisikia majani ya mfenesi yakigusa bati. Alitafuta kosa katika kitendawili, kwa mazoea, neno kwa neno, apate pa kushikilia. Hakikuwa na kosa. Kilikuwa kimesimama kama nguzo ya mninga.

"Nimeshindwa," alisema.

Ashrafu alivuta pumzi ikasikika hadi mlangoni.

"Nipe mji," alisema Vailet.

"Nakupa Soga."

"Soga ni mdogo. Sikubali."

"Nakupa Mlandizi."

"Mlandizi nimepita, sikulala."

"Nakupa Kibaha."

"Kibaha nimekwenda," alisema Vailet, akiifuata kanuni hatua kwa hatua, "nikafika Mkuza, nikamkuta mama mmoja anachambua choroko. Nikamwuliza habari za jibu langu, akanisahihisha matamshi. Nikarudi nalo mwenyewe. Jibu ni sifa."

Mwalimu Zahoro aliitazama karatasi iliyokuwa mbele yake. Juu kabisa, kwa mwandiko wa Vailet, palikuwa pameandikwa: Sifa Tano. Chini yake Nguvu, Wepesi, Uvumilivu, Ujanja, Ulimi, na alama alizojigawia kwa mkono wake mwenyewe. Alianza kucheka, cheko la mtu aliyeonyeshwa miwani iliyokuwa kwenye paji la uso wake. Kisha akamtazama bibi, akamtazama mjukuu, akaliacha cheko lile njiani.

"Shule zote sita," alisema polepole. "Na vitendawili watunge wenyewe. Leteni nakala kabla ya mwezi wa nane."

Raudha alisahau kufunika mdomo. Ashrafu alimwuliza Mwalimu kama klabu zake zinahitaji fundi wa simu mwenye Ulimi saba. Watu walianza kusogeza viti.

Bibi Flaviana hakuinuka. Sifa tano, sifa ya sita. Upatanisho ulikuwa safi mwanzo hadi mwisho. Unyayo ulikuwa wa kweli, na yeye, mwindaji wa miaka thelathini na sita, alikuwa ameukanyaga mara kumi bila kumwona mnyama, kwa sababu mnyama alikuwa amefungwa uani kwake. Kibaha alikuwa ameshautoa. Lakini Kibaha ulikuwa malipo ya kushindwa. Ile ya sita ilikuwa bado.

Alisimama, akashika ukingo wa meza kama alivyokuwa akiishika meza ya mwalimu, na kelele za viti zikakoma zenyewe.

"Mwalimu Zahoro, na ninyi wengine," alisema. "Huyu ni Vailet, mtoto wa mwanangu Didas. Mchezo huu ameutunga yeye. Mimi niliuharibu siku moja, yeye akautengeneza. Kanuni nilimpa moja, na kwa kanuni hiyo hiyo amenifunga. Amefanya vizuri."

Vailet alikuwa amesimama upande wa pili wa ramani, hajasogea.

"Hapana," alisema Bibi. "Hiyo ni Soga. Hata mimi nisingeikubali."

Akavua miwani, akaiweka mezani.

"Nimewategea vitendawili watoto wa watu kwa miaka thelathini na sita. Wote walinipa miji, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunidai. Huyu amenidai, na haki ni yake. Amenipita, na ninajivunia kwamba aliyenipita ni wangu. Vailet, sina la kukwambia utazame tena. Pokea."